Hesabu Pumzi, Tazama Mbavu: Kijitabu cha Nimonia kwa Familia za Shanzu

Mtoto akianza kukohoa Shanzu, kiganja huwekwa kwenye paji la uso kabla ya jambo jingine lolote. Akiwa na joto hupewa parasetamoli. Joto likishuka, nyumba nzima hutulia. Kukicha bado anakohoa, kemisti hayuko mbali, na kwa kemisti hakukosekani siropu. Siku ya pili hupita hivyo, pengine na ya tatu, huku mama akiwahi zamu yake hotelini na mtoto akibaki na nyanyake au na yaya. Jioni ya siku ya tatu mtoto hanyonyi, hachezi, na tumbo lapanda na kushuka mbio mbio. Hapo ndipo tuktuk hutafutwa.

Kilichopotea hapo ni siku tatu, na hizo ni ghali kuliko siropu. Ishara huwa zilikwisha kuonekana mapema, ila macho ya watu yalikuwa kwenye joto. Na joto ni shahidi asiyetegemewa: mtoto mwenye mafua ya kawaida aweza kuwaka usiku kucha na asubuhi akaamka akicheza, ilhali mchanga wa wiki tatu mwenye nimonia kali aweza kuwa na mwili wa baridi kabisa.

Kinachotenganisha kikohozi cha kupita na nimonia ni mambo mawili: idadi ya pumzi kwa dakika, na mwendo wa mbavu mtoto anapovuta hewa. Hayahitaji kipimajoto wala cheti cha udaktari. Yanahitaji nguo ifunuliwe kifuani, mwanga wa kutosha, na dakika moja nzima isiyo na papara.

Dakika hiyo ina uzito. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 walio chini ya umri wa miaka 5, yaani asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa rika hilo ulimwenguni. Vifo vingi zaidi vilikuwa Asia Kusini na Afrika kusini mwa Sahara.

Ndani ya kifua

Mapafu yana vifuko vidogo mno vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Mtu akivuta pumzi, vifuko hivyo hujaa hewa na oksijeni hupenya kuingia kwenye damu. Nimonia ni maambukizi yanayojaza baadhi ya vifuko usaha na majimaji. Sehemu iliyojaa haipokei hewa tena, na pafu lenyewe huwa gumu kutanuka.

Mwili hujitetea kwa njia mbili. Kwanza huongeza kasi, maana kila pumzi imekuwa fupi na haitoshi. Pili huita misuli mingine isaidie kuvuta, na misuli ikivuta pafu gumu, ubavu laini wa mtoto ndio unaoshindwa na kubonyea ndani. Kwa hiyo pumzi za haraka na mbavu zinazoingia ni ugonjwa wenyewe unaoonekana kwa nje. Kikohozi hakina ushahidi wa namna hiyo. Chaweza kutoka puani, kooni au kwenye njia kubwa za hewa, kwa sababu nyingi zisizohusu mapafu hata kidogo.

Wanaoleta maambukizi haya ni wengi. Wapo bakteria, hasa nimokoka na yule aitwaye Hib. Wapo virusi wa aina mbalimbali. Na mara chache huwa ni kuvu. Kwa macho hawatofautiani, na zahanati nyingi hazina njia ya kuwatenganisha. Ndiyo maana matibabu hufuata ishara za mtoto bila kungoja jina la kijidudu.

Dakika moja iliyotoka Goroka

Kuhesabu pumzi ni jambo dogo kiasi cha kudharauliwa, lakini lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 daktari wa watoto kutoka Australia, Frank Shann, alikuwa akifanya kazi Goroka, mji wa milimani nchini Papua New Guinea. Nimonia ilikuwa ikiua watoto wengi huko, na vijiji vilikuwa mbali na mashine ya eksirei. Yeye na wenzake walilinganisha yale yanayoonekana kwa macho na yale yanayosikika kwa stetoskopu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1984, yalionyesha kwamba mtoto anayekohoa na kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika huenda mapafu yake yameguswa na anahitaji antibayotiki, na kwamba mbavu zikiingia ndani hali imekuwa nzito zaidi. Uchunguzi uliofuata mahali pengine, ukiwemo wa Vellore nchini India mwaka 1988, ulinoa kipimo hicho kwa kutenganisha umri.

Ajabu yake ni kwamba kifaa kilichotoka katika utafiti huo hakikuwa kifaa. Muuguzi wa zahanati ya mwisho kabisa barabarani akapewa uwezo ambao kabla ya hapo ulihesabiwa kuwa wa hospitali kubwa. Mpaka leo hicho ndicho kipimo ambacho wahudumu wa afya wa Kenya hufunzwa, na hakuna kinachomzuia mama, baba, nyanya au yaya kukitumia.

Namba za kuandika kwa kalamu nyuma ya kitabu cha kliniki ni tatu. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5: 40 au zaidi.

Namna ya kuhesabu ndiyo yenye kazi. Mtoto awe ametulia. Akilia, akinyonya au akitoka kukimbia, hesabu haifai. Aliyelala usingizi anafaa sana, mradi asiamshwe. Nguo ifunuliwe taratibu mpaka kifua na tumbo vionekane. Usiku, taa ya simu ya jirani imulike ubavu, isimulike macho. Simu nyingine iwekwe saa ya kuhesabu sekunde. Kisha mtu mmoja atazame sehemu moja tu, ama tumbo ama kifua, na kila kupanda na kushuka ahesabu kuwa pumzi moja, mpaka sekunde 60 zitimie.

Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha kwa nne ni jaribu la kila mtu mwenye haraka. Kwa watoto hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa pumzi zao hazina mpangilio: huenda mbio, zikapunguza, zikasimama kidogo, zikaenda mbio tena. Kwa mchanga wa chini ya miezi 2, hesabu ikifika 60 irudiwe mara ya pili ili kuwa na hakika. Mtoto mwenye homa kali pia huongeza pumzi kwa sababu ya homa yenyewe, hivyo inafaa kuhesabu tena joto likishuka. Likishuka na pumzi zikabaki juu, hiyo ni habari muhimu sana. Pumzi zikibaki juu ya namba ya umri wake, parasetamoli imetuliza nyumba bila kutuliza ugonjwa.

Si kila pumzi ya mbio ni nimonia. Pumu hufanya hivyo, na mara nyingi huja na mlio wa filimbi kifuani. Malaria kali yaweza kumfanya mtoto aheme kwa nguvu, na upungufu mkubwa wa damu pia. Lakini hakuna hata mmoja kati ya magonjwa hayo unaotibiwa kwa kungoja nyumbani, kwa hiyo kosa la kumpeleka zahanati mtoto mwenye pumu kwa kudhani ana nimonia si kosa hata kidogo.

Mbavu na alama zisizongoja

Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mwenye nimonia iliyozidi hufanya kinyume: hewa inapoingia, sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, hubonyea ndani. Ikionekana kila pumzi, mtoto akiwa ametulia, hiyo ni alama ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mchanga wa chini ya miezi 2 ana kifua laini kwa maumbile, na kubonyea kidogo kwake ni kawaida. Kukiwa kwa kina na kunaonekana bila kutafutwa, ni hatari.

Kwa mchanga wa umri huo kuna alama nyingine za kuchunga. Anayeguna kila anapotoa pumzi anapambana kuzuia mapafu yasifunge. Anayepanua matundu ya pua kila anapovuta hewa anakosa hewa. Anayeacha kunyonya, ambaye jana alinyonya vizuri, hana nguvu ya kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, na mara nyingi hiyo ndiyo alama ya kwanza mama anayoiona, kabla ya kikohozi. Nimonia ya mchanga yaweza kuja bila kikohozi kabisa. Mwili wenye joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, au ulio baridi chini ya 35.5, wote ni wa hospitali.

Halafu kuna zile ambazo, kwa mtoto wa umri wowote chini ya miaka 5, hazingoji kukuche. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila anachopewa. Amepata mtukutiko wa mwili. Amelegea, haamki vizuri, au hatambui waliomzunguka. Koo lake linatoa mkoromo mkali kila anapovuta hewa hali ametulia. Midomo au ulimi umegeuka rangi ya kijivu au samawati. Kwa ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani mashavuni. Itafutwe ndani ya mdomo, kwenye ulimi na chini ya kucha.

Kuhusu mtukutiko, Pwani ina maelezo yake ya siku nyingi. Wapo wanaosema mtoto amepitiwa na nyuni, na hatua ya kwanza ikawa mganga, moshi wa dawa au hirizi. Kijitabu hiki hakikusudii kugombana na imani ya nyumba yoyote. Mwenye kutaka kusoma dua na asome, lakini aisome ndani ya tuktuk. Mtukutiko wa mtoto mwenye kikohozi na pumzi za mbio waweza kumaanisha ubongo hauna oksijeni ya kutosha, au kuna malaria au homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina hesabu.

Alama mbili husahaulika hata hospitalini. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya wakiongozwa na Dkt. Ambrose Agweyu walipitia kumbukumbu za watoto waliolazwa kwa nimonia katika hospitali za umma nchini. Waligundua kwamba miongoni mwa wale ambao kipimo cha kawaida kiliwaona kuwa na nimonia isiyo kali, waliopauka na waliokonda sana kwa umri wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mtoto aliyekonda au mwenye viganja vyeupe akianza kupumua mbio, asilinganishwe na wa jirani aliyepona kwa dawa za kumeza.

Kusi, kaskazi na RSV

Watu wa Pwani huilaumu baridi. Kusi likivuma na masika yakilowesha kila kitu, watoto huvishwa sweta na soksi, na kaskazi likirudi na jua lake hofu huisha. Hesabu hiyo ina ukweli kiasi, maana mvua huwafungia watu ndani pamoja, na maambukizi hupata njia fupi. Ila haitoshi, na ushahidi wa kuipinga uko karibu sana na Shanzu.

Kilomita arobaini na kitu kaskazini, ukivuka daraja la Mtwapa na kuifuata barabara ya Malindi, ipo Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome wamekuwa wakichunguza magonjwa ya watoto tangu mwaka 1989. Wodi ya watoto ya hospitali ya Kilifi ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa karibu zaidi barani Afrika. Huko ilionekana kwamba wimbi la kirusi kiitwacho RSV kwa kawaida huja kati ya mwisho wa mwaka na miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, yaani katika msimu wa kaskazi, jua likiwa kali na hoteli za ufuoni zikiwa zimejaa wageni.

Kirusi hicho si kidogo. Utafiti mkubwa uitwao PERCH, uliofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwakilishwa na Kilifi, ulitangaza matokeo yake mwaka 2019: kati ya watoto wasio na VVU waliolazwa kwa nimonia kali iliyothibitishwa kwa eksirei, RSV peke yake ilihesabiwa kuwa chanzo cha takriban asilimia 31. Mtu mzima akiipata RSV huiona kama mafua tu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 yaweza kuwa wodi na oksijeni.

Kwa hiyo sweta halina ubaya, lakini sabuni ina faida zaidi. Desemba, wakati jamaa wanatoka bara kuja likizo na harusi zinafuatana, mchanga hupitishwa mikononi mwa kila mtu na kupigwa mabusu. Mwenye mafua akiombwa kwa adabu amtazame mtoto kwa mbali, heshima yake haijapungua.

Sindano za mapajani

Katika kliniki za Kenya mtoto hupewa chanjo ya nimokoka na ile ya pamoja ya magonjwa matano, yenye kinga ya Hib ndani yake, akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Akina mama huiita ya kwanza sindano ya nimonia. Ya Hib iliingia katika ratiba ya taifa mwishoni mwa mwaka 2001. Kilifi, ambako kila mgonjwa alihesabiwa, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto ulishuka ndani ya miaka mitatu mpaka asilimia 12 ya kiwango cha awali.

Ya nimokoka ilianza mwaka 2011, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuipokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba Kilifi maambukizi makali ya aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5, na nimonia inayoonekana kwenye eksirei ilipungua kwa karibu nusu.

Nusu. Yaani nusu nyingine bado ipo, kwa sababu chanjo haizuii RSV na haizuii kila aina ya bakteria. Mama anayesema mtoto wangu amechanjwa zote, hawezi kuwa na nimonia, amekosea kwa namna inayoeleweka. Chanjo humpa mtoto nafasi kubwa zaidi. Kuhesabu pumzi hakuondoki. Surua nayo huacha mapafu wazi kwa nimonia, hivyo dozi mbili za surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18, zimo katika hesabu hii. Ya miezi 18 ndiyo rahisi kusahaulika, mtoto akishaanza kutembea na kitabu cha kliniki kikapotelea kabatini.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo ni kinga nyingine. Hayagharimu kitu, ila kwa mwanamke anayerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, kusema hayagharimu kitu ni rahisi kwa msemaji tu.

Siropu, chale na chupa ya soda

Dawa za kukohoa za kununua haziponyi nimonia na hazisaidii sana hata mafua. Nyingine zina madhara. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu siropu zilizochafuliwa kwa kemikali zenye sumu nchini Gambia, ambako watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, kijiko cha asali hulainisha koo vizuri. Kwa wa chini ya hapo asali haifai, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Antibayotiki za vidonge viwili vitatu kutoka kemisti ni hatari ya aina yake. Mtoto huonekana nafuu siku mbili, bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki, na akifika hospitali dawa ya kwanza haimshiki.

Kuchanja chale kifuani, kukata kilimi ili kikohozi kiishe, kudondosha mafuta puani: yote hayo bado hufanywa Afrika Mashariki, na hayafiki kwenye vifuko vya hewa vilivyojaa usaha. Chale na kisu huleta damu na vidonda. Mafuta ya puani yaweza kuteremka mapafuni na kuanzisha nimonia ambayo mtoto hakuwa nayo.

Kuna nimonia nyingine isiyo na kijidudu, nayo hutoka jikoni. Mafuta ya taa yakitiwa kwenye chupa ya soda, mtoto wa miaka miwili huona soda. Akiyanywa, machache huingia mapafuni na kuyaunguza. Wengi hukimbilia kumtapisha au kumnywesha maziwa kwa nguvu, na hapo mafuta hupanda tena na kupenya kifuani kwa mara ya pili. Asitapishwe. Apelekwe hospitali na chupa yenyewe ionyeshwe.

Moshi wa kuni na makaa nao hudhoofisha njia za hewa. Mtoto anayelelewa ndani ya moshi hatari yake ya nimonia hukaribia kuwa mara mbili. Katika vyumba vya kupanga vya Majaoni au Utange, ambako jiko na kitanda hutenganishwa na pazia, ushauri wa kujenga jiko la nje ni mzaha. Kuwasha jiko mlangoni mpaka makaa yashike, na mtoto kubebwa mgongoni na mtu asiyepika, kunawezekana.

Kufika, na kinachofanyika huko

Toka Shanzu hadi Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ile ambayo watu huiita Makadara, ni safari ya kupitia Bamburi, Kongowea na daraja la Nyali, na barabara hiyo ina foleni zake. Kwa mtoto mwenye pumzi za haraka lakini anayenyonya na kucheza, hakuna sababu ya kuvuka kwenda kisiwani. Zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu kinatosha. Mwenye alama zisizongoja aende moja kwa moja kwenye hospitali yenye oksijeni, na safarini ashikwe wima, asifunikwe uso. Pesa zisimzuie mtu: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na ada za zahanati na vituo vya afya vya umma ziliondolewa Juni 2013. Kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, hakulipiwi, na kunafaa kufanywa kabla mtoto hajaugua.

Mkononi mwa mzazi kuwe na kitabu cha kliniki, chupa au pakiti za dawa zote alizokwisha kupewa, na karatasi yenye hesabu ya pumzi na saa ilipofanywa. Muuguzi anayeambiwa «saa mbili usiku zilikuwa 54, saa kumi alfajiri 62» ana habari kuliko anayeambiwa «anahema hema tu». Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa aweza kusaidia kuhesabu na kuelekeza pa kwenda.

Kituoni pumzi zitahesabiwa upya, na pengine kidole kitabanwa na oksimita, kifaa kinachosoma oksijeni kwenye damu. Usomaji ulio chini ya asilimia 90 humaanisha oksijeni na kulazwa. Kifaa hicho kina kasoro inayowahusu wasomaji wa kijitabu hiki: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Namba nzuri juu ya mtoto anayeguna isimtulize mtu.

Nimonia isiyo na alama za hatari hutibiwa kwa amoksisilini ya kumeza, kidonge kinachoyeyuka ndani ya maji safi kidogo, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Zamani mtoto mwenye mbavu zinazoingia alidungwa sindano wodini. Mwaka 2015 Dkt. Agweyu na wenzake walichapisha jaribio lililohusisha zaidi ya watoto 500 katika hospitali sita za Kenya, na dawa ya kumeza haikushindwa na sindano. Kwa hiyo mzazi anayerudishwa nyumbani na vidonge hajapuuzwa. Ana kazi ya kufanya: kutoa dozi zote hata mtoto akianza kucheza siku ya pili, kuhesabu pumzi kila asubuhi na jioni, na kurudi siku ya tatu ikiwa hazijapungua, au saa yoyote akiacha kunyonya.

Wakubwa nao

Nimonia ya mtu mzima hutangaza zaidi: homa yenye kutetemeka, makohozi ya rangi ya kutu au yenye damu, na uchungu wa kuchoma ubavuni anapovuta pumzi. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika ni za hospitali. Mzee wa miaka 65 na kuendelea aweza kukosa yote hayo. Hana homa, kikohozi ni kidogo, lakini tangu jana anachanganya majina ya wajukuu, amekataa chakula, ameanguka njiani kwenda msalani. Nyumbani husemwa ni uzee. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee ni dharura kama mbavu za mtoto.

Anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka aweza kupata nimonia ya kuvu inayokuja polepole, kwa kikohozi kikavu na kuchoka hata kwa kupanda ngazi chache. Septrin anayopewa kliniki ndiyo ya kuizuia, na haiachwi bila kuambiwa. Wenye selimundu, wadogo kwa wakubwa, wakipata homa na maumivu ya kifua wasingoje hesabu yoyote. Na kikohozi kilichopita wiki mbili, hata bila homa, kipimwe kifua kikuu. Dawa zake katika vituo vya serikali hutolewa bure.